Kichwa cha Sangara

Mtu aliyekuchongea mpaka ukafukuzwa, akikuona njiani huvuka upande wa pili. Harith hakuvuka. Alikuja Jumamosi alasiri, bila hata zawadi, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu pale Barking, Landani, akapiga hodi kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Akavua viatu, akatundika koti lake la kuvulia kwenye msumari wa mlangoni, na chini ya koti akaweka mkoba wake wa chambo. Ummukulthum aliitikia salamu yake kwa sababu salamu ni ya Mungu, kisha akarudi jikoni kwake. Vitunguu alivyokata siku ile vilikuwa vidogo kuliko kawaida.

Kisa chenyewe kila Mzanzibari wa Barking alikuwa anakijua, na kila mmoja alikuwa na chumvi yake ya kuongeza. Ameir, mume wa Ummukulthum, ni dereva wa basi, na starehe yake duniani ilikuwa moja tu: ziwa la klabu ya wavuvi nyuma ya viwanda. Kila Jumapili aliwafundisha wanachama wapya namna ya kuvua sangara kwa chambo bandia, samaki wa mpira. Sangara wa Kiingereza ni mdogo, ana mistari ubavuni na mapezi mekundu, na sheria ya klabu ni kwamba ukimvua, umrudishe majini akiwa hai. Kwa Waingereza hiyo si sheria tu, ni dini. Mwezi wa nane sangara mmoja mnene alimeza ndoana mpaka tumboni, akawa anakufa mikononi mwa Ameir. Kumtupa akaoze Ameir aliona ni dhambi. Akamfunga kwenye gazeti akamleta nyumbani.

Ummukulthum alimpika kwa nazi. Akampiga picha kwenye sinia, akaitia kwenye status ya WhatsApp na maneno haya: "Sangara wa mume wangu, mashallah." Siku hiyo mgeni wao alikuwa Harith, rafiki wa Ameir tangu walipokuwa wakikaa chumba kimoja miaka ya kwanza ya Landani, tena mwanafunzi wake pale ziwani. Kichwa cha samaki hupewa mgeni, na Harith alipewa. Alikinyonya mpaka mifupa ikang'aa. Jumatatu ile picha ilikuwa kwenye simu ya Bridget, mwenyekiti wa klabu. Wiki haikuisha, Ameir akasimamishwa mbele ya kamati, akaulizwa maswali kama mwizi wa kuku, akanyang'anywa kadi ya uanachama. Darasa la Jumapili akapewa Harith. Mwezi uliofuata, katika duka la vifaa vya kuvulia la Nikhil, samaki wa mpira waliopakwa harufu wakaanza kuuzwa kwenye pakiti, na juu ya pakiti palikuwa na sura ya Harith anacheka.

Huyo ndiye aliyekaa sebuleni sasa, anasifu tangawizi ya chai.

"Ameir, yakhe," akasema, "kesho ni open day. Watakuja wakubwa wa baraza la mji, na watoto wa skuli. Bridget kanipa miye nisimame gatini nionyeshe watu."

"Nimesikia."

"Sasa maji yamechafuka. Mvua wiki nzima. Nimetupa mipira ya rangi ya fedha, nimetupa ya kijani, hawagusi."

Ameir hakuweza kujizuia. Mtu akikosea jambo la chambo mbele yake, huwashwa. "Maji ya tope hutupi ya fedha. Ya fedha ni ya maji safi, yanapopiga jua. Tope, tia nyeusi au zambarau, yenye mkia mnene ili utikise maji. Na uvute polepole, baridi imeingia, samaki mvivu. Halafu juu ya yote ni harufu. Haoni, basi ananusa."

"Hiyo harufu ndiyo nilokuja kuomba." Harith akacheka. "Ninayopika mwenyewe haishiki. Hata Nikhil analalamika, wateja wanarudisha pakiti."

Jikoni, Ummukulthum aliacha kisu. Alingoja mumewe aseme neno. Lolote, hata la kukohoa. Alingoja aambiwe mtu huyu kwamba kuna haya duniani.

"Na appeal yangu ya kurudishiwa kadi?" Ameir akauliza.

"Nikifanya vizuri kesho, Bridget atanisikiliza. Nitamwambia wewe mtu mzima, ulikosea mara moja. Nakuahidi, ndugu yangu."

Ulikosea. Ummukulthum alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Aliyekosea ni Ameir. Aliyekula kichwa hakukosea.

Ameir akaingia jikoni na kichupa chake cha kutilia mafuta ya chambo. Hakumtazama mkewe usoni.

"Nipishe jiko kidogo, mama Miska."

"Unampikia?"

"Nampakia mafuta tu. Si muda."

"Kakufukuzisha, Ameir."

"Nimefukuzwa kwa ajili ya samaki."

"Na picha yangu."

Ameir akavuta kikaango. Hakuwahi kumlaumu kwa ile picha, hata siku moja, na Ummukulthum angependa zaidi angelaumiwa. Wanawake wenzake walikuwa wamemlaumu kwa niaba yake. Harusini Stratford mmoja alimuuliza mbele za watu kama leo kuna sangara, meza nzima ikacheka, naye akacheka pamoja nao, na kicheko kile hajakisahau mpaka leo.

"Acha," Ameir akasema. "Nikirudi kwenye maji yangu, mengine yatapoa. Na tafadhali, usifukize udi mpaka aondoke na mkoba wake."

Akaanza kazi. Dagaa aliwakaanga kwa moto mdogo mpaka wakatoa mafuta, akatia kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, na shamari kidogo. Mikono aliiosha kwa udongo wa chungu cha mnanaa, maana sabuni kwake ni adui, sangara huitambua. Akawachagua samaki wa mpira weusi na wa zambarau kutoka mkoba wa Harith, akawapaka mmoja mmoja kama mama anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Akawalaza kwenye kitambaa, akawarudisha mkobani.

"Usifunge mkoba mpaka asubuhi," akamwambia. "Mpira hunywa harufu. Wache wanywe."

Mpira hunywa. Ummukulthum alikuwa analijua hilo kuliko Harith. Yeye ni mtu wa Wete, amelelewa na shangazi mpika udi, na nyumba isiyonukia kwake ni hoteli. Lakini sikukuu moja alifukiza udi huku mipira ya Ameir imewekwa dirishani ipoe. Ameir akaenda ziwani akakaa kutwa bila kuguswa, akarudi akamfokea mbele ya dada yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Tangu hapo udi ulifukizwa Ijumaa tu, mipira ikiwa imefungiwa ndani ya gari. Miaka mitatu ameishi hivyo, nguo zake zinanuka dagaa, kwa ajili ya samaki ambao haruhusiwi hata kuwala.

*

Aliwapikia biriani ya kuku. Hakupunguza kitu. Mchele ulichambuka, zabibu zilikuwepo, na Harith aliongezwa mara ya pili bila kuomba.

"Shemeji, mkono wako haujabadilika," akasema Harith.

"Kula, shemeji. Nyumba ni yako."

Miska, binti yao, alimtazama mama yake kwa jicho la pembeni. Miska ana miaka kumi na saba, Kiswahili anakisikia chote na hukijibu kwa Kiingereza, lakini sauti ile ya mama yake haihitaji mkalimani.

Ilipofika isha, wanaume wakaingia chumbani kusali, mlango ukafungwa. Ummukulthum akapanda kiti, akaifunika kengele ya moshi kwa kofia ya nailoni ya kuogea. Akawasha kaa, akaliweka kwenye chetezo. Hakuchukua udi wa Ijumaa. Alitoa ule wa harusi, wenye ambari, na juu yake akabandua kwa ncha ya kisu zabadi kidogo, ile aliyopewa na shangazi yake. Zabadi hutoka kwa fungo. Shangazi alikuwa akisema fungo akipita kando ya maji, hata chura hunyamaza.

Akaenda mlangoni. Koti la Harith akalifukiza kwanza, ndani na nje, kama anavyofukiziwa mgeni yeyote anayeheshimiwa. Kisha akachuchumaa, akaupanua mkoba, akaweka chetezo katikati ya kile kitambaa, na juu yake akatandika kanga. Moshi ukabaki humo.

Miska akatokea chooni. "Mum, what are you doing?"

"Namfukizia mgeni."

"That's his bag."

"Na mkoba ni wa mgeni. Nenda kalale."

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Ameir akisalisha, na nyuma yake Harith akiitikia amina ndefu. Ummukulthum aliinamia moshi ule, macho yakamtoka machozi, na moyoni hakuwa na hata chembe ya huruma. Kila mpira mmoja aliugeuza kwa kijiti, ubavu huu, ubavu huu. Alifanya kwa utulivu, kama anavyowageuza wazee wa nyumba ya wazee anakofanya shift, kitandani asubuhi. Walipomaliza sunna, chetezo kilikuwa kimerudi mezani na mkoba uko palepale.

Harith alivaa koti, akanusa kola, akafumba macho. "Hii ndiyo nyumba ya Kizanzibari. Wengine siku hizi wanapuliza dawa ya chooni."

Ameir alilitazama lile koti bila raha. Lakini nani atamkataza mkewe kumpa mgeni heshima ya mgeni, mbele ya mgeni mwenyewe? Akamsindikiza mpaka chini.

*

Jumapili walikwenda wote watatu kwa basi. Ameir hakuwa na kadi, lakini siku ya wazi ni ya kila mtu, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watoto wa skuli na mama zao. Waliokuwa wanafunzi wake walimpungia mkono kwa mbali, kisha wakajitia kazi. Ummukulthum alivaa baibui lake jipya. Alikuwa amevaa kwa ajili ya sherehe, na sherehe ilikuwa yake peke yake.

Harith alipanda gatini na kipaza sauti kifuani. Alinukia mpaka mama mmoja wa baraza la mji akamuuliza ni manukato gani hayo. Akaeleza kwa Kiingereza kizuri mambo ya maji ya tope na mpira mweusi, neno kwa neno kama alivyoyasikia jana, akasema ameyagundua kwa miaka ya uchunguzi. Kisha akatupa.

Alivuta polepole. Hakuna. Akatupa karibu na matete, akatupa kwenye kivuli cha daraja. Akabadilisha zambarau. Upande wa pili wa ziwa mzee mmoja wa Kiingereza, amekaa kwenye kiti chake cha turubai na kopo la minyoo, alitoa sangara, akamrudisha, akatoa mwingine. Watoto wakaanza kumtazama mzee. Mwalimu wao akawarudisha watazame gatini, na mmoja akauliza kwa sauti, huyu mtu anangoja nini?

Jasho lilimtoka Harith, na jasho likauamsha ule udi upya. Akatania, hakuna aliyecheka. Bridget akatazama saa. Ummukulthum alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alipumua mpaka chini ya tumbo. Utamu ule hakuwahi kuuonja. Alitamani jua lisimame, Harith aendelee kutupa mpaka kesho.

Ndipo Harith alipoweka chini fimbo ya kuvulia.

"Niseme ukweli," akasema kwenye kipaza sauti. "Vyambo hivi sikuvitengeneza miye. Kavitengeneza yule pale. Ameir. Yule mliyemfukuza."

Watu wote wakageuka. Miezi yote hii Ummukulthum alikuwa akiomba jina la mumewe litajwe kwenye ziwa lile, litajwe mbele za watu, na Harith ndiye alitaje. Limetajwa. Mikono yake ikaiachia kamba.

Bridget akaja mpaka walipo, mpira mweusi kiganjani. Ni mwanamke wa haki, mkavu, haki yake haina sukari. "Ni kazi yako hii, Ameir?"

Ameir akaupokea, akauleta puani. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Akamtazama mkewe, na Ummukulthum akatazama majini.

"Ni yangu," Ameir akasema. "Imeharibika. Imeingia moshi."

"Moshi wa nini?"

"Moshi tu."

Harith alikuwa ameshafika, kipaza sauti bado kiko wazi. "Kaharibu kusudi. Kwa sababu mlimfukuza. Nilimwendea kwa wema kumsaidia appeal yake, kumbe ananichimbia."

Ameir akamrudishia Bridget ule mpira. Angeweza kumaliza mambo kwa neno moja, na Ummukulthum aliona wazi kwamba hatalisema, kwamba atasimama hivyohivyo mbele ya watoto wa watu na kuibeba lawama. Akainua kamba akapita chini yake.

"Ni mimi," akamwambia Bridget kwa Kiingereza chake cha nyumba ya wazee, kinachosikika vizuri hata kwa viziwi. "Mume wangu hakujua. Na yule samaki mliyemfukuzia mume wangu, muulizeni huyu alikuwa na ladha gani. Kichwa alikula yeye."

"Nilikuwa mgeni," Harith akasema haraka. "Kwetu mgeni hakatai chakula."

Likasikika ziwa zima. Hata yule mzee wa minyoo aliinua kichwa. Bridget aliuweka mpira ule mfukoni polepole.

"Kwa hiyo ulimla," akamwambia Harith, "halafu ukaniletea picha. Nipe kadi yako." Akamgeukia Ameir, na safari hii sauti ilishuka. "Pole, Ameir. Kamati haitasikia tena habari ya nyumba hii. Siwezi."

*

Kwenye basi Ameir alikaa dirishani. Miska alikaa mbele yao, masikio yamezibwa na visikizi vyake vidogo, lakini muziki haukuwa ukilia. Walipopita soko, Ameir akasema bila kugeuka:

"Bridget alinipigia Alhamisi. Kaniambia appeal imepita. Ningerudi mwaka mpya."

Ummukulthum akamgeukia. "Harith alijua?"

"Hakujua. Alikuja kuniahidi kitu nilichokuwa nacho."

"Na hukunambia."

"Nilitaka iwe hakika kwanza. Nikikwambia wewe, ni kama nimeitia kwenye status."

Lilimchoma, na lilikuwa kweli. Akatafuta la kujibu, akapata moja tu. "Basi kama ulikuwa huna haja naye, ulimpakia mafuta ya nini?"

"Aliniomba," Ameir akasema. "Alikuwa nyumbani kwangu."

Ummukulthum hakuomba radhi. Alijaribu kulitafuta neno hilo mdomoni, hakulikuta. Aliona hasara ya mumewe, na iliuma, lakini kila akikumbuka uso wa Harith wakati akitoa kadi, moyo ulikuwa unarudi kula pale pale. Akashuka kwenye basi akiwa na vyote viwili.

Barking ikasema wee. Wakaitwa wale waliofukuzana kwa biriani. Nikhil akaziondoa pakiti zenye sura inayocheka, na Harith hakuonekana msikitini Ijumaa kadhaa. Ummukulthum aliyapokea yote hayo kama riziki. Jumapili Ameir alikaa sebuleni na rimoti, akibadilisha stesheni bila kutazama, na yeye akampikia kila anachopenda.

*

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja alitoka shift ya asubuhi Stratford, akapita njia ya mfereji kwenda kituoni. Mfereji ni wa umma, hauna klabu wala Bridget. Kutoka juu ya daraja aliona wanaume wawili wamesimama ukingoni, wamejikunyata kwa baridi. Mmoja alikuwa anamfungia mwenzake mpira kwenye mshipi, kichwa kimeinama, akieleza jambo. Mwenzake alikuwa anasikiliza kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha wote wawili wakacheka, Ameir akampiga Harith bega.

Ummukulthum alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuwaita. Alikuwa amejiharibia jina, amemharibia mume ziwa, amegeuza chakula chake na udi wa shangazi yake kuwa silaha, na vita vyenyewe vimekwisha bila yeye kuambiwa. Aliona hasira yote ya miezi ile imerudi, na sasa ilikuwa na watu wawili.

Ameir alirudi magharibi, mashavu mekundu kwa upepo, ana uso wa mtu aliyeishi siku yake. Akaosha mikono kwenye chungu cha mnanaa.

"Nimekutana na Harith," akasema.

"Nimewaona."

Ameir akasita, udongo kiganjani. "Kaniomba radhi. Kalia, wallahi. Mtu akilia mbele yako utamfanya nini? Nimemsamehe. Naye kasema kakusamehe."

"Kanisamehe mimi?"

"Yameisha, mama Miska."

"Nyinyi mmesameheana. Mimi nani kaniomba?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Samaki nilimpika mimi. Picha ilikuwa yangu. Harusini nilichekwa mimi. Mmekaa huko mkafungua na kufunga, kana kwamba mimi ni sufuria."

Ameir akafuta mikono, pole pole, kila kidole. "Anataka kuja Jumamosi," akasema hatimaye. "Akuombe mwenyewe, kwa mdomo wake. Nimwambie nini?"

Ummukulthum alifungua friza, akaikagua kwa muda mrefu, akaifunga.

"Mwambie aje," akasema. "Ila asije na njaa."